Mlima wa Majina

Kompyuta haina makalio. Hilo ndilo kosa lake. Nimelisema mbele ya mpwa wangu, nikalisema mbele ya mwalimu wake mzungu, na leo nalisema tena kwa yeyote mwenye masikio. Ingekuwa nayo, hata madogo, haya yote yasingetokea.

Mpwa wangu ni Toakase, binti wa dada yangu. Sisi ni Watonga wa visiwa vya Tonga, tunaoishi Māngere, hapa Auckland, watu wa miili mikubwa na ibada ndefu. Kwetu mjomba ni wa kutumwa na shangazi ni wa kuogopwa, na mimi Lisiate ndiye mjomba. Tangu Toakase aanze kutambaa nimekuwa farasi wake, kisha dereva wake, na siku hizi hata mpishi wake. Akisema, "Mjomba, njaa," naenda kupasha chakula. Sina kinyongo, ndivyo tulivyolelewa.

Shangazi mtu ni habari nyingine. Huyo ni dada mkubwa wa baba yake, jina lake Manusiukihelangi, nasi sote tunamwita Bi Mkubwa. Kaka zake, wanaume wazima wenye mvi, hawaketi naye chumba kimoja kutazama televisheni. Hawakalii kiti chake wala hawagusi nguo zake, na akiingia mahali, wao hukata mizaha. Iwe harusi iwe msiba, yeye ndiye hukaa mbele, na kipande cha juu cha keki ni chake. Mpaka akipokee, shughuli haijaisha.

Lakini kwa Toakase, Bi Mkubwa alikuwa mwepesi. Ndiye aliyempa jina alipozaliwa, kisha yeye mwenyewe akalikata akawa anamwita Kase. Mtoto alikulia jikoni kwa shangazi yake, akichora juu ya karatasi za kufungia nyama, na kikombe chake cha bati chenye pengo ukingoni kilining'inia msumarini karibu na jiko. Akidai chai, Bi Mkubwa humfokea: "Kase! Huna mikono? Jimiminie!" Na mtoto akitoka, shangazi anatugeukia kwa majivuno: "Mmeona alichochora huyu? Mmekiona?"

Basi Kase akaenda chuo kusomea ubunifu wa michoro, na ukoo ukapata fundi wa bure. Mabango ya harusi ni yeye, vijitabu vya mazishi ni yeye, kadi za watoto kutimiza mwaka ni yeye. Nilimkuta mara moja anapanga picha za marehemu wawili kwa mpigo, nikamwambia, "Angalia usiwabadilishie makaburi." Akacheka mpaka akakohoa.

Chuoni lakini hakuwa na raha. Mwaka wa kwanza kazi zake zilirudi na alama za katikati, mwaka wa pili vivyo hivyo. Mwalimu wake, Dougal, mtu mwema mwenye sweta lililotoboka viwiko, alikuwa akimwambia kila mara: "Mkono wako ni mzuri, Toakase. Lakini unapanga mambo kama ulivyoambiwa. Lini utayapanga kama unavyoyaona?" Maneno hayo yalimkaa kooni. Alikuwa akinirudia nayo kwenye gari, na mimi nikiangalia barabara, maana maisha yangu yote nimepanga mambo kama nilivyoambiwa na sijapata hasara.

Kazi ya kumaliza masomo ilikuwa hivi: mwanafunzi abuni kitu kitakachotumiwa na watu wa kweli, akipige picha kikiwa kazini, halafu aandike insha ya kutafakari, aeleze alichojifunza na kile ambacho angekifanya vingine. Mwaka huohuo ukoo wa baba yake ulikuwa na mkutano mkubwa, watu wanatoka Tonga, Sydney na Amerika. Na mkutano wa ukoo bila fulana si mkutano. Kase akaomba fulana iwe kazi yake, nasi tukaona mtoto ametupa heshima.

Mchoro wa kwanza ulikuwa vile unavyotakiwa. Mgongoni majina ya watoto saba wa babu na bibi yake, Bi Mkubwa juu kabisa, wengine chini yake kila mmoja kwa cheo chake. Dougal akautazama akasema kwa upole kwamba hauna kosa, ila unafanana na tangazo la mazishi. Kase alirudi nyumbani amenuna kama mtoto aliyenyang'anywa biskuti.

Ndipo akapata wazo. Kijiji cha ukoo kiko Ha'apai, kule Tonga, na ukisimama ufukoni unauona mlima Kao ukichomoza baharini peke yake, mchongoko safi, mwembamba juu na mpana chini. Akayapanga majina kwa urefu. Jina fupi, Soni, la kitinda mimba wao, likawa kilele. Chini yake Kelepi, baba yake. Yakaendelea hivyo kupanuka mpaka lile refu kuliko yote, Manusiukihelangi, likatanda chini kutoka ubavu hadi ubavu. Herufi alizichora kwa mkono, zenye meno meno kama michoro ya vitambaa vyetu vya magome. Sitasema uongo. Ulikuwa mzuri hata mimi nisiyejua kitu niliweka mikono mezani nikautazama.

Halafu nikauliza, "Bi Mkubwa yuko chini?"

"Yeye ndiye msingi, mjomba. Mlima mzima umesimama juu yake."

"Umemwonyesha?"

"Bado. Nataka ajionee siku yenyewe, aone pamoja na watu."

"Kase, muulize kwanza."

"Nikimuuliza atasema weka kama kawaida, na mimi kawaida imenichosha! Mjomba, kwa mara ya kwanza nimeona kitu changu mwenyewe. Niache." Kisha akatabasamu. "Na chai je?"

Nikaenda kuchemsha chai. Mjomba hashindani na mtoto wa dada yake.

Siku ya mkutano fulana zilifika kutoka kiwandani asubuhi ileile, watu wakazigombania nyuma ya kanisa kama mikate. Soni aliivaa yake akazunguka uwanja mzima akijigamba: "Mniangalie! Kilele ni nani? Mkitaka kuniona pandeni ngazi!" Kaka zake wakamzomea, watoto wakamrukia. Mimi nilikuwa upande wa moshi nageuza nguruwe, mahali pa watu wa upande wa mama, lakini nilikuwa naona vizuri. Bi Mkubwa alifika mwisho kama inavyostahili. Akapewa kiti chake chini ya hema, peke yake, mkeka mzuri kiunoni, fulana imekunjwa mapajani bado hajaifungua. Alikuwa anatabasamu.

Kase alihitaji picha yake ya chuo, picha ya migongo. Akatafuta mahali penye mwanga mzuri, akapapata hapohapo ubavuni mwa kiti cha shangazi yake. Kwa hiyo lile lililoonwa na kamera, Bi Mkubwa aliliona pia.

"Wote geukeni!" Kase akapiga kelele. "Nataka migongo!"

Ukoo mzima ukageuka ukampa Bi Mkubwa mgongo. Nikajiambia ni dakika moja tu.

"Baba, na wewe Baba Mdogo Soni, na nyie warefu, mnawaziba wa nyuma! Kaeni kwenye benchi!"

Sasa sikilizeni. Kwenye kompyuta fulana ni bapa, inaning'inia hewani kama nguo iliyoanikwa kambani. Kwa mwanamume wa Kitonga aliyeshiba, fulana inashuka mpaka chini ya kiuno, na mstari wa mwisho unaangukia pale pale. Kelepi akakaa. Soni akakaa. Kaka zao wengine wakakaa, benchi likalia. Jina la Soni likabaki juu linang'aa kwenye jua, na jina la dada yao mkubwa, ambaye hata mto wake hawathubutu kuuegemea, likaingia chini ya makalio ya wanaume wanne kwa pamoja.

"Kase," Bi Mkubwa akaita, polepole. "Umemaliza?"

"Bado kidogo, shangazi. Moja tu."

Akangoja. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi huku kwenye moshi mshindo wake niliusikia. Picha zikaisha, keki ikaletwa, kipande cha juu kikawekwa mbele yake kwa mikono miwili. Akakitazama, akasema, "Wapeni watoto."

Muziki ukazimwa. Kelepi akamtazama dada yake, akaitazama fulana iliyokunjwa mapajani mwake, iliyofunguka upande mmoja. Akaelewa. Akapapasa nyuma yake kwa kiganja kama mtu aliyekalia rangi mbichi. Akaivua fulana palepale akasimama kifua wazi katika upepo wa baridi, na kaka zake wakafuata mmoja mmoja. Soni alikuwa wa mwisho, na alikuwa analia. Kase alitazama kioo cha kamera yake, akatazama tena, kisha akaiteremsha.

Jioni hiyohiyo nilimwambia, "Twende. Sasa hivi. Utafunga mkeka mkuukuu mwilini, kama afanyavyo kwetu anayeomba radhi, utakaa chini mlangoni kwake. Hata kusema si lazima. Mkeka ninao mimi."

"Nitamwambia nini, mjomba? Naona aibu mpaka mifupa."

"Aibu ndiyo ya kupeleka. Ukiichelewesha inaoza."

"Insha ni ya Ijumaa. Nikiimaliza kichwa kitatulia, nitaenda vizuri. Sitaki kwenda nikababaika."

Nikautia mkeka kwenye buti la gari, tayari. Ijumaa ikapita. Nikamuuliza, akasema anangoja kurudishiwa. Ikarudi, akasema anachapisha kazi zake za maonyesho. Kila Jumapili baada ya ibada nilikuwa namtazama na kumwonyesha buti kwa kidevu, naye anaangalia viatu. Kanisani alihamia safu ya nyuma ya kwaya, nyuma ya mwanamke mpana, ili shangazi yake asimwone. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yeye alikonda kabisa. Nilikasirika, nawaambia ukweli. Lakini mjomba anatumwa, hatumi.

Insha yenyewe alinisomea kwenye gari kabla ya kuipeleka chuoni, akinitafsiria. Alieleza jinsi alivyokuwa akichora juu ya karatasi za nyama. Alieleza mlima. Akaandika kwamba alitafuta jicho lake mwenyewe na akasahau macho ya aliyemfundisha kutazama. Alimalizia hivi: "Shangazi, naomba radhi. Ningeanza na kukuuliza." Nililia, nikasimamisha gari kando.

"Nimeandika vizuri, mjomba?"

"Vizuri mno. Sasa yabebe maneno hayo. Nyumba yake ni mtaa wa pili, nageuza gari."

"Subiri kwanza Dougal aisome. Kiingereza changu hakijanyooka."

Dougal akaisoma. Kwa mara ya kwanza tangu aingie chuo, mpwa wangu akapata alama za juu kabisa, zilizopita za wote. Mwalimu alisema kazi ni nzuri lakini tafakuri ndiyo iliyoifanya kubwa, na akaomba vyote vitundikwe kwenye maonyesho ya wahitimu: fulana ndani ya fremu, picha ya wanaume kwenye benchi kando yake, na insha ichapwe kwa herufi kubwa ukutani, kutoka kiunoni mpaka juu ya kichwa. Kase akakubali. Alikuwa amengoja sifa hiyo miaka mitatu, na ukiwa na njaa ya miaka mitatu huulizi chakula kimetoka wapi.

Siku ya kufungua maonyesho tulivaa vizuri tukaenda. Ukumbi ulijaa wazungu wenye glasi mikononi, wakisoma ukuta wa Kase na kutikisa vichwa kwa huruma. Mwanamke mmoja alikuwa anafuta machozi. Dougal alikuwa amemshika Kase bega, anamtambulisha huku na huku. Uso wa mtoto uling'aa, na mimi pia, mjinga mkubwa, nilifurahi.

Ndipo mlango ukafunguka akaingia Bi Mkubwa. Hakuna aliyemwalika kwa mdomo. Alisikia kwa Kelepi, akaomba ruhusa kazini kwake hospitalini, kwenye chumba cha kufulia mashuka, akawaambia wenzake wote kwamba mtoto wake anamaliza chuo. Alikuwa amefunga mkeka wake bora. Mkononi alibeba shada la maua, alilolitunga mwenyewe, la kumvika mhitimu. Nililiona shada lile nikajua amekuja kusamehe. Angeanza kwa maonyo mengi na makofi mawili ya begani, lakini alikuwa amekuja kusamehe.

Akasimama mbele ya ukuta. Akaiona picha ya kaka zake kwenye benchi, kubwa kama dirisha. Kisha akasoma insha. Kiingereza chake ni cha polepole, midomo ikicheza, na watu wakampisha bila kujua ni nani. Alisoma mpaka mstari wa mwisho, kisha akarudi juu akasoma tena.

"Kase," akasema. "Hii uliandika lini?"

"Baada ya mkutano, shangazi. Wiki ileile."

"Mwalimu wako ameisoma?"

"Ndiyo."

"Lisiate?"

Kase akanitazama. Nikainamisha kichwa.

"Ndiyo, shangazi."

"Na hawa wote humu ndani?"

Kase akaitikia kwa kichwa.

"Umeomba radhi vizuri," Bi Mkubwa akasema. "Sijapata kuona radhi nzuri namna hii. Wameisoma wote, sasa na mimi, wa mwisho, nimeisoma. Basi niko chini tena."

Sauti yake haikupanda hata kidogo. Kase akapiga magoti palepale sakafuni, na wazungu wakadhani ni sehemu ya maonyesho, mmoja akainua simu kupiga picha. Mimi nilikimbia nje kwenda kuuchukua mkeka. Nilikimbia kwa mwili huu, funguo zikanidondoka, buti likagoma. Niliporudi nimeukumbatia, Bi Mkubwa alikuwa amekwisha kumvika Kase shada, sawasawa kama desturi inavyotaka, shavu kwa shavu, na alikuwa anatoka. Alinipita mlangoni. Aliutazama mkeka, akasema, "Umechelewa, Lisiate," bila hasira, kama mtu anayekwambia duka limefungwa.

Kase alikwenda kwake asubuhi iliyofuata. Nilimpeleka mimi. Alifunga ule mkeka, ukamfunika mpaka kidevuni, akakaa chini kwenye zege mbele ya mlango, nami nikabaki garini. Mlango haukukawia kufunguliwa. Nilimwona Bi Mkubwa akiinama, akimshika mkono, akimwinua, akimpangusa vumbi. Wakaingia ndani. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikawasha redio, nikaimba.

Alipotoka hakukaa kiti cha mbele. Alikaa nyuma, na mkeka wake.

"Amekusamehe?" nikauliza.

"Amesema amesamehe. Amesema siku ya mahafali atakuja, atatimiza kila kitu." Akatazama nje dirishani. "Ameniambia, 'Karibu, Toakase. Keti, Toakase.'"

Nilimwangalia kwenye kioo. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, viganja juu, kama si mali yake.

"Nilisimama nijimiminie chai," akasema. "Akaniambia nisihangaike. Kikombe changu kipo pale pale msumarini, mjomba, nimekiona. Akafungua kabati la vioo, akaniletea chai kwa mikono yake mwenyewe, kwenye kikombe cha wageni."